Aibu Yote Ileteni Kwangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Wizarani.

Mheshimiwa Waziri, mwanangu,

YAH: KUJIBU SWALI LAKO LA REDIONI, NA KUOMBA NIKABIDHIWE AIBU YA TAIFA

Nakuita mheshimiwa kwa sababu ya kiti ulichokalia, na nakuita mwanangu kwa sababu kwa umri wangu ningeweza kukuzaa wewe na fundi aliyekitengeneza hicho kiti.

Mimi ni dobi. Nimefua nguo za watu miaka arobaini na moja, kwa mikono hii, nyuma ya nyumba yangu yenye mlango wa buluu, na kuzipiga pasi ya mkaa mpaka zikasimama zenyewe. Shule sikwenda. Anayeandika barua hii ni mke wa mjukuu wangu, ambaye namwita mke mwenza, maana mjukuu wangu ni mume wangu, na wewe kama ulilelewa na bibi unajua utani huo. Yeye kasoma na ana mwandiko mzuri. Nimemwambia asinitengenezee maneno. Akinitengenezea nitajua, kwa sababu kila mstari ananisomea, na masikio yangu hayajaugua.

Huyo mume wetu ni askari wako. Mtaani anaitwa Kibanio, jina nililompa mimi. Mama yake alifariki yeye akiwa anajifunza kutembea, nikamchukua, na kila nilipokuwa naanika nguo alikuwa ameshika gauni langu. Ukimvuta haachii. Ungemwanika nalo kwenye kamba angening'inia tu. Wewe ulimbandua kwenye gauni langu ukampeleka kwenye vita vya watu, katika nchi ambayo alipanda ndege bado hajajua kuitamka. Ulisema miezi mitatu. Sasa tuko mwaka wa tatu. Aliacha mimba changa. Mimba hiyo leo inatembea, na kila asubuhi inailisha biskuti picha ya baba yake iliyoko ukutani. Kioo cha picha nakifuta mimi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ijumaa iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa napiga pasi, redio iko dirishani. Nikakusikia unawajibu wanaotaka askari warudi. Ulisema kwa uchungu, na sauti yako ni nzuri, Mungu akutunzie. Ulisema: "Tukiondoka leo, dunia itatuonaje? Na aibu hiyo, ndugu wananchi, nani ataibeba?"

Niliweka pasi chini. Nikangoja mtu ajibu. Hakujibu mtu. Likaja tangazo la sabuni, tena sabuni ile isiyotoa povu.

Mheshimiwa, nitaibeba mimi.

Hilo ndilo jibu, na barua ingeweza kuishia hapo. Lakini mke mwenza anasema serikali haipokei jambo bila sababu, na sababu ziwe na namba. Basi zihesabu.

1. Kwanza nalalamika kwamba uliuliza swali bila kusema majibu yapelekwe wapi. Jumatatu nilivaa viatu nikaenda mwenyewe mpaka kambini. Askari wa getini akaniuliza shida yangu. Nikamwambia nimeleta jibu la waziri, na nikitoka hapo nataka na mume wangu. Akauliza mume wangu ni nani, nikamtajia. Akafungua daftari, akaniangalia mimi, akaangalia daftari. "Bibi, huyu ana miaka ishirini na sita." Nikamwambia najua, nilikuwa namwogesha. Akaandika. Nasikia sasa kwenye faili lake ana wake wawili, na mkubwa ana miaka sabini na minne. Mkilisahihisha sawa, msipolisahihisha pia sawa.

Kuhusu jibu langu, alikataa kulipokea. Akasema, "Bibi, waziri hakuwa anauliza." Nikamwuliza, alikuwa anafanya nini? Akasema, "Alikuwa anauliza tu, ili watu wanyamaze." Yule mtu ana akili na anasimama juani siku nzima bila kofia ya maana. Msimwonee kwa sababu nimemtaja.

2. Pili, sifa zangu za kubeba aibu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi naongeza: ya aliye hai anaijua dobi. Nimeona mashuka ya mabwana wakubwa na kola za wachungaji, na mdomo wangu umefungwa miaka arobaini na moja. Kwa hiyo aibu ya wengine nimezoea kuitunza. Ya kwangu pia ninayo uzoefu nayo, na uzoefu huo nautaja hapa waziwazi ili usije ukaambiwa na watu wengine.

Nilimwacha mume wangu wa kwanza, yule wa kweli, mwaka wa tano wa ndoa. Mkono wake ulikuwa mwepesi na shavu langu lilikuwa karibu. Nilitoka saa sita mchana nikiwa nimejitwika godoro, nikapita kwa kinyozi, nikapita kwa fundi viatu, nikapita bombani walipojaa wanawake, kwa sababu nyumba ya baba yangu ilikuwa upande huo na godoro halipiti uchochoroni. Watu walisema! Walisema nimeshindwa ndoa, walisema sikufunzwa, mmoja akasema godoro lenyewe si langu. Nilizihesabu wiki. Zilikuwa tisa. Wiki ya kumi mke wa mwenye duka alitoroka na fundi saa, na hakuna aliyelikumbuka godoro langu tena mpaka leo ninapokutajia wewe. Aibu yangu ilikufa yenyewe nyumbani, haikupelekwa hata hospitali.

Dada yangu naye aliolewa na mkono mwepesi. Yeye alibaki. Nilimfuata, nikamwambia twende, godoro nitabeba mimi. Akasema, "Nikiondoka sasa, watu watanionaje?" Watu walimwona vizuri sana, mheshimiwa. Msibani walijaa mpaka barabarani, na kila mmoja alisema marehemu alikuwa mwanamke mwenye heshima zake. Tulimzika na hiyo heshima yote. Haikubaki hata kidogo ya kuwagawia watoto.

3. Tatu, umesema tukiwaacha marafiki zetu katikati hawatatuamini tena. Hapo nakuheshimu, kwa sababu na mimi nimewahi kwenda vitani kwa ajili ya rafiki.

Jirani yangu mshona mapazia aligombana na wifi yake aliyekuwa anakaa naye uwanja mmoja. Ugomvi ulikuwa wa kamba ya kuanikia: nani aanike upande wa jua. Mimi nikasema rafiki yangu haonewi niko hai. Nikaingia uwanjani kwao na ubao wangu wa kufulia. Nia yangu ilikuwa siku moja tu, wifi auone ubao anyamaze. Wifi alipouona ubao akaenda kuleta mchi. Basi sikuweza tena kuondoka, kwa sababu sasa kulikuwa na mchi. Na mchi ulikuwepo kwa sababu nilikuwepo mimi. Tukakaa hivyo miezi miwili. Kila asubuhi nakwenda na ubao wangu, yeye anatoka na mchi wake, tunatazamana mpaka adhuhuri. Huku nyuma nguo za watu zinanyeshewa kwangu, na suruali mbili za mwalimu zikaota ukungu.

Siku moja naingia, nikawakuta mshona mapazia na wifi yake wamekaa mkeka mmoja wanakunywa chai, wanacheka mpaka machozi. Walikuwa wamepatana tangu juzi yake. Kamba walikuwa wameifunga ya pili. Rafiki yangu akanitazama, nimesimama na ubao, akaniuliza, "Dada, kwani wewe unagombana na nani?"

Wakaniuliza kama chai yangu natia sukari.

Urafiki wetu haukufa. Mapazia yake bado nafua mimi. Ila hata leo akigombana na mtu huwa ananiambia baada ya wiki, yaishe kwanza. Naomba umtume mtu akaangalie huko aliko Kibanio, isije ikawa wenyewe wako mkekani.

4. Nne, habari ya shati la mfamasia. Hii sijamwambia mtu kwa ukamilifu, naandika kwa ajili ya taifa.

Mfamasia aliniletea shati jeupe lenye doa la wino mfukoni. Aliniambia, "Bibi, likikataa liache, nitavaa koti juu." Maneno ya mtu mwenye busara. Lakini ng'ambo ya barabara yupo dobi mwingine, tunamwita Mama Wanga, kwa ajili ya wanga anaotia kwenye kola mpaka zinakata watu shingo. Nina ugomvi naye mwaka wa thelathini huu. Nilijua shati likirudi na doa, Mama Wanga atasema nimeshindwa. Kwa hiyo nikalifua. Doa likakaa. Nikatia ndimu na chumvi, nikalianika, likakaa. Siku ya pili nikaleta dawa ya madoa na brashi. Doa likapungua kidogo, au macho yangu yalitaka lipungue. Hapo ningeweza kuacha. Lakini nikajiambia, sabuni yote ile, ndimu zote zile, siku mbili za mgongo wangu, ziende bure? Nikaongeza sabuni nyingine ili ile ya kwanza isiende bure. Siku ya tatu nilisugua huku nimefumba macho.

Mfamasia akaja. "Bibi, doa limetoka?" Nikamwambia limetoka. Akalikunjua shati. "Na mfuko uko wapi?" Nikamwambia mfuko umetoka nalo.

Lilikuwa tundu la ukubwa wa sahani, hapa, upande wa moyo. Mheshimiwa, watu walinicheka, tena sana, lakini hakuna hata mmoja aliyenicheka kwa ajili ya doa. Walicheka tundu. Nawe unaponiambia kwamba tukiacha sasa wale ambao hawakurudi watakuwa wamekwenda bure, mimi nasikia sauti yangu mwenyewe pale karoni ninapofulia, naongeza sabuni.

5. Tano, naomba nijulishwe hiyo dunia itakayotuona ni nani hasa, na inakaa wapi. Nauliza kwa nia njema. Ukiniambia mtaa wangu utanicheka, nitakutajia majina, na saa wanayokuja bombani. Dunia siijui, kwa hiyo nilikwenda kumwuliza kinyozi, ambaye redio yake haizimwi na anajua nchi zote.

Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu akanieleza. Anasema mataifa makubwa yamekwenda kwenye vita vya watu na yameondoka, mengine yameondoka mbio mpaka yakaacha vikombe mezani na taa zinawaka. Nikamwuliza, na dunia ikawafanya nini? Akasema dunia iliongea sana mwaka mmoja. Nikamwuliza, na baadaye? Akanionyesha kwa mkasi yule mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu kanyolewa nusu bado. Akasema, "Mwulize huyu, kesho anakwenda kupanga foleni ya viza ubalozini kwao, ndiyo maana ananyolewa." Mteja akasema ni kweli, na kwamba foleni inaanza alfajiri, na akaomba amaliziwe kichwa.

Kwa hiyo, mheshimiwa, kama wao walitia aibu kiasi hicho na watu bado wanawanyolea nywele, sisi ambao kinyozi anasema ramani nyingine zinatusahau, tutapata aibu ya wiki ngapi? Mimi naweka tisa. Kama una hesabu nyingine niletee.

6. Sita. Mwezi uliopita Kibanio alipata simu ya kuazima, akapiga. Tangu azaliwe hajawahi kuniuliza mambo ya kazi yangu. Nguo kwake ni kitu kinachojisafisha. Siku hiyo aliniuliza, "Bibi, damu inatokaje kwenye kitambaa?"

Nikamwambia maji baridi, mume wangu, si ya moto, ya moto yanaigandisha. Chumvi. Usisugue kwa nguvu. Na uwahi, kabla haijakauka. Akasema, "Imeshakauka." Simu ikakatika.

Sikumwuliza ya nani. Sauti ilikuwa yake, hilo lilinitosha kwa siku ile. Halijanitosha kwa siku zilizofuata.

7. Saba, na ya mwisho, jinsi ya kukabidhiana. Nina chumba cha nyuma nilichokuwa naweka makaa. Nimekifagia. Aibu ikija hata kwa lori itaingia, mlango nimepima. Nitaweka dole gumba popote mtakaponionyesha. Andikeni karatasi yenye mhuri, isomeke redioni saa saba mchana, kwamba majeshi yamerudi kwa sababu bibi mmoja dobi, asiyesoma, asiyejua siasa za dunia, mwenye ndoa iliyovunjika na shati la watu lililotoboka, aling'ang'ania. Wewe usionekane. Marais wenzake rais wetu wakiuliza huko kwenye mikutano yao, waambieni ni yule bibi. Wasipoamini waelekezeni: wapite kwa kinyozi, wapite bombani, mlango wa buluu. Waje wanicheke ana kwa ana. Nitawatilia chai na sukari, nisiwaulize kama mimi nilivyoulizwa.

Na kama aibu ni nzito kuliko lori, usihofu. Niliitaja habari hii bombani. Wapo wanawake kumi na saba wenye watoto huko vitani, kila mmoja amesema atachukua kipande. Mmoja mwanawe amesharudi, kwenye sanduku, mlilolileta na bendera nzuri na tarumbeta. Yeye amesema atachukua vipande viwili. Nilipomwuliza kwa nini, wakati hana tena mtu wa kumrudisha, alisema mikono yake haina kazi. Mheshimiwa, ule msemo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, mimi niliusikia utotoni nikadhani ni wa kuwasimanga waoga. Nimekaa kwake siku saba nikausikia upya.

Kwa hiyo naomba kicheko. Kileteni chote. Nyumba yangu ina nafasi, na sisi hatujali watu watasema nini. Mtu mzima anayepanga maisha ya watoto wa wenzake kwa kuogopa midomo ya majirani, samahani, mwanangu, huyo hajakua. Nimesema mke mwenza aandike hivyo hivyo, na ameandika.

Msalimie mkeo. Wasalimie watoto, mkubwa kwa mdogo, na dereva wako, na anayekupikia chai ofisini, na makarani wote watakaoishika barua hii kabla yako. Mpe salamu zangu maalumu mama yako kama yu hai. Mwulize siku uliyoanguka ukiwa mdogo, magoti yakachubuka mbele za watu, kama alitazama kwanza nani anakuona, au alikuja kukuokota. Kama hayuko, Mungu amlaze pema, na jibu unalijua.

Wangu mgongo na dole gumba, vyote viko tayari kwa kazi ya nchi,

Bibi Dobi wa mlango wa buluu
(dole gumba la kulia, weusi ulioenea pembeni ni masizi ya pasi, si utovu wa adabu)

Nyongeza, baada ya dole gumba:

Mheshimiwa, barua ilikuwa imeshakunjwa, nikatoka kuanua nguo. Mama Wanga akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, mbele za watu, kwa sauti ile yake: "Eti dobi, nasikia mjukuu wako anarudi kakimbia vita?"

Sijui nini kilinipata. Nikamjibu kwamba tumeshinda.

Nikasema tumeshinda kitambo, serikali inaficha kwa unyenyekevu, na kwamba Kibanio ataletwa kwa tarumbeta. Sasa mtaa mzima unajua. Kwa hiyo naomba marekebisho madogo. Aibu ileteni kama nilivyosema, yote, ila iingie kwa mlango wa nyuma, na ile karatasi ya mhuri msiisome redioni. Kibanio apite mbele, mchana, polepole, upande wa Mama Wanga. Magwanda yake yawe yamenyooka. Kama hamna pasi mniletee kwanza nitayapiga mwenyewe, halafu arudi mwanzo wa mtaa aanze upya. Tarumbeta moja inatosha.

Kama tarumbeta hakuna, mleteni bila tarumbeta. Kama ni mchafu, mleteni mchafu. Mleteni hata kwa miguu, hata kwa mbio.

Mama Wanga niachieni mimi. Vita vile ni vyangu, vina mwaka wa thelathini, na siondoki.